Riwaya Iliyofungia Mapeasi

Jumapili, saa saba na robo mchana, nilirudi kutoka kukata majani ya ng'ombe nikakuta kibanda cha kufungia mapeasi kimefagiliwa. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya baba ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza taarifa ya habari. Nilitua mzigo, nikainama chini ya benchi, kwenye kona ambako siku zote kuna rundo la madaftari ya zamani. Rundo halikuwapo. Palikuwa na alama za ufagio tu.

Mama alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo.

"Mama, karatasi za hapa ziko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Zilizokuwa hapa chini."

"Si nimefungia mapeasi. Gari limeondoka tangu saa nne. Leo zimetosha mpaka tunda la mwisho, wala sikuomba gazeti kwa jirani."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Mimi nilikaa chini palepale kwenye udongo.

Inabidi nieleze, maana mtu wa kwingine anaweza kudhani mama alifanya ubaya. Huku kwetu Kwai, milimani Lushoto, peasi halishuki Mombo, kule chini kwenye barabara kuu ya mabasi, bila kufungwa. Barabara ni kona baada ya kona, na mapeasi yakigusana kwenye tenga yanachubuana, yanafika na madoa meusi, na abiria wa mabasi hanunui tunda lenye doa. Kwa hiyo kila moja linavishwa karatasi yake, kisha linapangwa juu ya mwenzake. Karatasi zinatoka kwa sisi wanafunzi. Daftari likijaa halitupwi, linawekwa chini ya benchi. Hisabati zangu za kidato cha kwanza zilishuka Mombo zamani, na masahihisho mekundu ya mwalimu yakiwa juu yake. Nyumbani kila mtu anajua: karatasi iliyo chini ya benchi ni ya mapeasi. Mama hana haja ya kuuliza.

Nami nilijua. Ndiyo maana nilikificha kitabu pale.

Kilikuwa riwaya ya zamani isiyo na jalada, kurasa zake za manjano, pembe zimelika. Nilifikiri nikikiingiza katikati ya madaftari hakuna jicho litakaloona tofauti, hasa jicho la baba. Baba hataki hadithi mwaka huu, mwaka wangu wa mtihani. Aliwahi kunikuta na moja, akaichukua, akaiweka juu ya kabati mpaka shule zikafungwa. "Hiyo inatoka kwenye mtihani?" aliniuliza. Nikasema hapana. "Basi." Sikumchukia. Ada yangu inatoka kwenye kabichi zake, na nimeziona mvua zikizipiga. Lakini tangu siku hiyo nilianza kusoma kwa kujificha, bandani kwa ng'ombe au kwenye kibanda baada ya kazi, na kitabu nikakitafutia mahali pa kulala.

Kile hakikuwa changu. Kilitoka Songea.

Mwaka juzi alikuja shuleni kwetu mwalimu wa mazoezi, wale wanaoletwa kutoka chuoni kwa muda halafu wanaondoka. Alifundisha Kiswahili. Aliona sijibu swali hata moja darasani ila insha zangu zinavuka ukurasa, akaniita pembeni. Akaniambia anajua wanafunzi wa mikoa mingine wanaobadilishana vitabu kwa posta. Masharti ni machache: unatuma chako, unapokea cha mwenzako, ukimaliza unaandika jina la mji wako nyuma, kwenye ukurasa wa mwisho, na sentensi moja ukitaka, kisha unakirudisha. Anayepoteza kitabu anajitoa mwenyewe, hangoji kutolewa. Alinipa anwani, akaondoka na wenzake muhula ulipoisha, sijamwona tena.

Nikatuma kitabu nilichopewa zawadi nilipomaliza darasa la saba. Nilikuwa nacho hicho kimoja tu.

Kwa anwani ya kupokelea nilitumia sanduku la posta la baba mdogo, mdogo wake baba, mwenye duka la pembejeo Lushoto mjini. Shuleni barua za wanafunzi zinafunguliwa kwanza ofisini, na mimi nikisikia mtu anasoma mambo yangu kwa sauti ninaweza kuzimia. Baba mdogo hafungui kitu cha mtu. Ila mdomo anao.

"Katibu kata!" alikuwa akiniita kila nikipita dukani kutoka shule. "Njoo uchukue nyaraka zako. Leo umeandikiwa na serikali ya Tabora."

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Hebu nifungulie hapa nione kama kuna mchumba humo ndani."

"Hamna, baba mdogo."

"Basi ni hasara. Stempu zote hizo kwa karatasi tupu!"

Wateja wakicheka, mimi nilikuwa natazama mifuko ya mbolea mpaka wamalize. Lakini nikishatoka nje nilikuwa nakimbia. Sijui nisemeje raha ile. Bahasha inakuwa imechakaa pembeni, imefungwa kwa gundi na uzi, jina langu limeandikwa na mkono wa mtu asiyejua kwamba mimi ni yule asiyesema. Kitabu cha kutoka Mwanza kilinuka dagaa. Kimoja cha Njombe kilikuwa na jani la chai limekaushwa katikati, nami nikawarudishia ua la mti wa plamsi wa kwetu. Nilikuwa natazama ile orodha ya miji kwenye ukurasa wa nyuma, nawaza kwamba kitabu kimezunguka nchi nzima wakati mimi mbali kabisa nilikofika ni Mombo.

Msichana wa Songea ndiye tuliyezoeana naye. Yeye alianza kuandika pembeni ya kurasa kwa penseli, herufi ndogo. "Huyu baba angekuwa wangu ningetoroka." Mimi nikajibu chini yake, "Ungetorokea wapi, na wewe unaogopa mbwa?" maana alishaniambia habari za mbwa. Kitabu kikirudi kwake anasoma, anaongeza jingine, kinaanza safari nyingine. Darasani nimekaa na wenzangu miaka mitatu, hakuna ninayeweza kumwambia maneno kama yale. Kwenye pembe za kurasa niliweza. Nilikuwa mchokozi kabisa, mwenye utani. Nilimpenda yule mimi wa pembeni mwa kurasa.

Hii riwaya isiyo na jalada alinitumia baada ya kusitasita muda mrefu. Ilikuwa ya fundi saa na binti zake watatu. Ilishakwenda Njombe na Tabora ikarudi kwake salama, lakini safari hii alikuwa ameongeza kitu kwenye ukurasa wa kwanza, kwa kalamu ya wino, siyo penseli: "Kilikuwa cha mama. Kirudi."

Mama yake alifariki mwaka uliopita. Alikuwa hajaniambia mpaka hapo.

Kwa hiyo nilipokaa chini kwenye udongo Jumapili ile, neno nililoliona mbele ya macho ni hilo moja. Kirudi.

"Wewe, una nini?" mama akauliza.

Nikalia. Siyo kulia kwa machozi ya kimyakimya kama ninavyolia mimi. Nilipiga kelele. Nikamwambia kwamba ametoa kitabu cha watu, kitabu cha marehemu, kwamba nyumba hii kila kitu ni mapeasi, mapeasi, hata mtu akifa ndani ya nyumba hii atafungiwa mapeasi. Nilisema hivyo kwa mama yangu. Ng'ombe aliacha kutafuna.

Baba akatoka ndani na redio mkononi. "Kitabu gani?"

Mama alikuwa anaitazama kona iliyofagiliwa.

"Kilikuwa hakina jalada," mama alisema polepole, kwa Kishambaa, kama anajiambia mwenyewe. "Nimekichana karatasi moja moja. Nikasema hizi laini, zitafaa yale yaliyoiva."

"Kitabu gani?" baba akarudia. "Si nilisema hadithi mwisho?"

Mama hakumtazama. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kanga nyingine safi na mkoba kwapani. Akaniambia, "Vaa viatu."

Tulipanda bodaboda mpaka mjini, tukapata gari la kushuka. Kwenye kona za Soni nilikuwa natazama bondeni na kufikiri: mapeasi yamepita hapa saa tano, kila moja limevaa ukurasa, hayakuchubuka hata moja. Nilitamani tenga liwe limeanguka.

Mombo jua linachoma hata mwezi ambao sisi juu tunavaa masweta. Shangazi yetu, dada yake baba, ndiye anayetuuzia, ana meza yake karibu na pale mabasi yanaposimama abiria wakale. Alipotuona alishika kiuno.

"Hee, wifi! Umeshuka mwenyewe Jumapili yote hii? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mapeasi ya leo yako wapi?"

"Yako wapi? Mengine yamekwenda Moshi, mengine Arusha, mengine yako tumboni mwa watu. Biashara ilikuwa nzuri! Mbona?"

"Karatasi zake tunazitaka."

Shangazi alimtazama mama, akanitazama mimi, akawageukia wenzake wa meza za jirani. "Jamani, wifi yangu kashuka kutoka milimani kufuata maganda!"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Huyo kafungia noti ndani, msimfiche." Mwingine, "Kama ni noti mimi ndiyo nazitafuta kwanza."

"Ni kitabu cha mtoto," mama alisema. "Nilikosea."

"Kitabu gani? Msahafu?" shangazi akaacha kucheka.

"Hapana."

"Cha shule?"

Mama akanitazama. Nikatikisa kichwa.

"Hata cha shule siyo! Sasa tunahangaikia nini?"

Mbele ya wanawake wote wale ulimi ulikauka kama ninavyokaukwa darasani. Mama ndiye aliyejibu. "Ni cha mama wa mwenzake, amefariki. Mtoto wake anakitaka."

Halafu shangazi akavuta tenga kutoka chini ya meza, lilikuwa limebaki chini ya nusu. "Haya, fungueni. Lakini mkishayavua nguo yote nitayauzaje?"

"Nitayavisha tena."

Tukaanza. Mama alikuwa anafungua tunda moja moja kwa vidole viwili, taratibu kuliko alivyolifunga. Karatasi nyingi zilikuwa za kwetu, jiografia yangu, biolojia ya kaka. Kila nilipoona rangi ya manjano moyo ulikuwa unaruka. Ukurasa mmoja ulikuwa umelowa maji ya tunda, herufi zimevimba. Mwingine ulikuwa na penseli pembeni, mwandiko wa rafiki yangu wa Songea na wangu: "Huyu mkubwa anaringa." "Acha aringe, mzuri." Nikauweka ndani ya blauzi.

Muuzaji mmoja alileta mbili kutoka kwenye meza yake. "Mimi niliona mapenzi nikajua siyo daftari," alisema, "nikaweka nikasome baadaye. Mwisho wanaoana?"

"Sijui," nikasema. Hilo ndilo neno pekee nililolitamka pale. Kweli sikujua. Nilikuwa nimefika katikati, binti wa kati anafunga sanduku lake aondoke.

Basi moja lilikuja, likasimama, abiria wakanunua, wakala dirishani, wakatupa. Nikaona. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mapeasi yalipofika. Mama naye aliona. Alikunja kanga akashuka kwenye mtaro wa barabara, mwenyewe, mtu mzima mwenye heshima zake, akaanza kuokota karatasi moja moja na kuzigeuza kuona rangi. Wapiga debe wakamwita, "Mama, umepoteza hereni?" Hakuinua kichwa. Mimi nilisimama juu. Niliona aibu. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sikushuka mara moja. Nilishuka baadaye, alipofika mbali.

Tulichopata kilikuwa konzi moja ya kurasa. Chini kabisa ya tenga, kwenye peasi bovu ambalo shangazi hakuliuza, palikuwa na ule ukurasa wa nyuma wenye majina ya miji. Ule wa kwanza, wenye maneno ya wino, hatukuuona. Mahali fulani kati ya Mombo na Moshi mtu amekula peasi letu tamu, akafuta mikono, akalitupa lile neno dirishani.

Na kati ya tulizookota, moja ilikuwa ya mwisho wa hadithi. Nikaisoma nikiwa nimesimama kabla sijajizuia. Mdogo wao ndiye anayerithi duka la saa. Ndivyo inavyoisha. Nimejua mwisho bila kujua wamefikaje huko, na sina hamu tena ya kujua.

Mama aliyavisha mapeasi yaliyobaki magazeti aliyoomba kwa mwuza chapati. Shangazi alitupa maji ya kunywa, akaniambia mimi, kwa upole wake wa kuchoma, "Na wewe bubu, siku nyingine sema mapema. Mdomo ni wako."

Kwenye gari la kurudi mama alikaa dirishani. Tulipoanza kupanda na hewa kuwa baridi, alisema bila kunigeukia:

"Kwa nini ulikiweka pale?"

"Baba asikione."

Alifunga kioo cha dirisha.

"Ungeniambia," akasema, "ningekufichia mimi."

Afadhali angenipiga. Nilikuwa nimembebea hasira kutoka nyumbani mpaka Mombo na kurudi, zilikuwa zinanisaidia, sasa akaninyang'anya. Mtu ambaye nilimficha kama ninavyomficha baba, nisimwambie hata siku moja kwamba nina rafiki Songea, ndiye aliyekuwa na sanduku la nguo lenye kufuli. Nilizoea kuwaza kwamba kwa sababu mama alimaliza darasa la saba na vitabu havimhusu, mambo haya hayamhusu. Sikumwomba radhi. Nilitaka, lakini maneno yangu yanatoka vizuri pembeni mwa kurasa tu.

Jioni aliwasha pasi ya mkaa. Sare yangu ilikuwa tayari imepigwa pasi tangu Jumamosi. Alizitandaza zile kurasa mezani, akaweka kitambaa juu, akazipitisha pasi moja moja mpaka zikakauka na kunyooka. Harufu ya peasi lililoiva ilijaa nyumba nzima. Baba alikaa kwenye kiti chake akamtazama. Mwishoni akauliza, "Zimebaki ngapi?" Mama akasema, "Chache." Hakuuliza tena habari za mtihani.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, niliondoka kabla ya wenzangu. Mama alikuwa anakamua, nikamsalimu kwa Kishambaa, "Onga maundo", nikiwa mlangoni, akaitika bila kuacha kazi. Sikwenda shule. Nilipita lango, mwanafunzi wa zamu akaniita, nikaendelea kutembea mpaka posta, nikakaa kwenye ngazi mpaka walipofungua.

Nilikuwa nimewaza barua ndefu njia nzima. Kwamba nyumbani kwetu kuna benchi, kwamba barabara ina kona, kwamba mama hakujua. Nilipopata kalamu nikaona yote hayo ni kujitetea. Nikaandika: "Kitabu cha mama yako kimeharibika nyumbani kwetu. Nilikificha vibaya. Hizi ndizo tulizozipata, mimi na mama yangu. Ukurasa wenye neno lako haukupatikana. Changu ulicho nacho ni chako. Msinitumie kingine."

Kisha nikachukua ule ukurasa wa nyuma. Songea, Njombe, Tabora. Masharti ni kwamba ukimaliza kitabu unaandika mji wako. Mimi sikumaliza. Nikaushika muda, dada wa posta aliyekaa dirishani akaanza kugonga kalamu mezani. Nikaandika Lushoto chini ya Tabora, bila sentensi.

"Rejista?" dada akauliza.

"Ndiyo. Isipotee."

Alinusa bahasha. "Umeweka matunda humu? Matunda hayaruhusiwi."

"Ni karatasi," nikasema.

Alinitazama, akaipiga mhuri. Nikarudi shuleni, paredi ilikuwa imekwisha zamani. Mwalimu wa zamu alinikuta langoni, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia, kwa sauti iliyomshtua hata yeye, kwamba nilikuwa posta kurudisha kitu cha mtu. Akanipa jembe, akanionyesha majani ya nyuma ya maabara, nikaenda kulima.